Bendera Iliyokwama

Randers, 13 Julai 1998

Mdogo wangu Asger,

Jana nimeiona bendera.

Nilipita hapo nyumbani asubuhi kwa baiskeli, kama ninavyopita kila mwaka siku ya kuzaliwa kwa baba. Nadhani hujui kwamba huwa napita. Kila Julai nashuka treni Hovsted, natoa baiskeli kwenye behewa, nafuata ile njia ya baiskeli iliyowekwa palipokuwa na reli mpaka mwisho, halafu narudi kwa basi. Ofisini wanadhani napenda mazoezi. Mimi nakuja kuangalia bendera tu. Nikiikuta iko juu najua mzee ametimiza mwaka mwingine. Nagonga kengele mara moja pale kwenye geti la zamani, pale bibi alipokuwa akiwafungulia watu treni ikishapita, na naendelea na safari. Hiyo ndiyo zawadi yangu kwake, na keki yangu pia.

Jana ilikuwa siku nzuri mno. Shayiri imeanza kugeuka rangi, yale maua mekundu yamejaa mpaka kwenye ukingo wa lami, na kule reli ilikopasua kilima palikuwa na ubaridi kama ndani ya pishi. Nikasimama kwenye daraja la chuma, nikala mkate wangu, nikawaangalia ng'ombe waliojitosa kwenye kijito hadi tumboni. Nilikuwa naimba, Asger. Halafu unaijua ile kona ya miti myeupe, ukishaimaliza njia inanyooka na nyumba yetu inatokea mbele na mlingoti wake. Bendera ilikuwa nusu mlingoti. Hapakuwa na upepo. Ilikuwa imelala tu kwenye kamba.

Nikafunga breki, nikaweka mguu mmoja chini. Pazia la jikoni lilikuwa limefungwa, sikuona mtu. Nilitaka kushuka, nikakumbuka alichosema ukumbini mbele ya kijiji kizima, kwamba aliyepitisha barabara juu ya bustani ya mama yake asikanyage mlango wake. Nikajiuliza, mtu akifa maneno yake yanakwenda naye, au yanabaki mlangoni? Nikakanyaga pedali.

Nililia kutoka hapo mpaka kile kituo cha zamani wanapouza aiskrimu siku hizi. Msichana wa pale aliniuliza kama nimeanguka.

Niambie alikufaje. Niambie kama aliteseka, na nani alikuwa naye. Simu naiogopa, maana iko jikoni karibu na kiti chake, na wewe na simu hampatani. Niandikie siku ya mazishi. Nitakaa nyuma kabisa kanisani, hakuna atakayeniona. Sikumchukia hata siku moja. Ile ramani ya njia niliichora kwa sababu ofisi iliniambia nichore, na kwa sababu reli ilikuwa imeshakufa zamani. Na nilifikiri njia ikipita chini ya dirisha lake, tangu mama hayupo, angalau atakuwa anaona watu. Hilo sikuwahi kumwambia. Nilingoja aniulize.

Sasa nani ataniuliza.

Dada yako,
Bodil


Nyumba ya Geti, Lyngdal, 16 Julai

Dada Bodil,

Hatujambo sote. Sote, dada. Na baba.

Hajafa. Ni kamba.

Nisamehe naandika ovyo. Kuandika na mimi unatujua, niliacha shule mapema na mikono yangu imezoea koleo. Hapa niko kazini kwa jirani Holger, bandani kwa nguruwe, nimeweka karatasi juu ya debe la chakula. Wanaangalia.

Ilikuwa hivi. Mzee anatimiza sabini. Kaniamsha asubuhi mapema, akasema, "Pandisha bendera, wewe. Wengine huwahi." Sikumuuliza wengine gani. Nikavuta, ikafika katikati, ikagoma. Haipandi, haishuki. Kile kigurudumu cha juu kimeliwa na kutu, kamba imetoka kwenye njia yake ikabanwa pembeni. Nikavuta mpaka viganja vikachubuka. Baba yuko dirishani anapiga kelele, "Umefiwa na nani, Asger? Mimi niko hapa nasubiri kahawa." Halafu akafunga pazia kwa hasira.

Nikaenda nyuma ya banda kutafuta mafuta na ngazi. Narudi na ngazi begani, ndiyo nikakuona. Umesimama, mguu mmoja chini, kofia yako nyeupe. Nilikujua. Nakujua kila mwaka, dada. Kengele yako haifanani na za wengine, inalia kama kijiko kwenye kikombe. Nilitaka kuita. Jina lako lilifika hapa kwenye meno. Lakini maneno yangu yanachelewa. Watu wa baiskeli wakipita wananiambia habari za asubuhi, jibu langu linatoka wakiwa wameshapita kwa Holger. Na wewe ulikuwa umeshapita kwa Holger.

Basi siku ile ikawa vurugu. Bi Gudrun wa kule chini alikuwa ameoka keki ya matabaka. Akaiona bendera akiwa mbali, akarudi, akaiacha keki, akavaa nguo nyeusi, akakata maua bustanini kwake. Anabisha hodi, mlango anafunguliwa na marehemu. Wakaangaliana.

Bi Gudrun akasema, "Verner, haya maua sasa niyapeleke wapi?"

Baba akasema, "Yatie kwenye maji, yatanifaa. Keki iko wapi?"

Na ilipofika jioni ikawa kazi nyingine, maana bendera haitakiwi kulala nje, watu husema unampeperushia shetani. Ilibidi tuulaze mlingoti. Zamani baba na mimi tuliulaza wawili tu, sasa mikono yake haina nguvu. Nikasimama njiani. Wakaja Wajerumani wawili na mizigo kwenye baiskeli, wazee kidogo, nikawaonyesha kwa mikono. Wakashika. Walipoelewa ni siku yake ya kuzaliwa wakamwimbia kwa Kijerumani, baba akawatolea ile chupa kali. Hakuimba, ila hakuwafukuza.

Basi ndiyo hivyo. Usilie. Yuko hai. Njoo.

Mdogo wako,
Asger


Randers, 20 Julai

Asger,

Nilicheka, nikakasirika, halafu nikakaa kwenye ngazi za nyumba na barua yako magotini mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza funguo.

Unajua nilinunua viatu vyeusi? Mwenye duka akauliza kama navitaka vya dansi. Viko kwenye boksi lake. Nilimlilia mtu ambaye alikuwa dirishani anadai kahawa. Nilishamwomba msamaha nikiwa jikoni kwangu naosha vyombo, nikamsamehe na yeye, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Sasa amenirudia, na yote yamerudi naye.

Unasema njoo, yuko hai. Hapo ndipo penye tabu. Mazishini ningekuja, maiti haimfungii mtu mlango. Ila akiwa hai na maneno yake yako hai. Mimi siwezi kushuka kwenye baiskeli nikaenda kusimama kwenye mlango niliokatazwa, mbele ya wapita njia, eti nangoja mzee aamue. Aniite yeye. Simwombi radhi. Ashike simu aseme jina langu, basi, hata akikata hapo hapo.

Huwa analitaja? Niambie kweli, usinipake mafuta.

Na wewe. Unaniona miaka yote hiyo napita na hukuwahi kusema. Kwa nini?

Bodil


Lyngdal, 26 Julai

Dada Bodil,

Umesema nikuambie kweli. Halitaji. Anasema "yule", au "mwenye ramani".

Ila ngoja nikueleze ninachokiona mimi, maana kazi yangu ni kuona, kusema nawaachia wengine. Kila mwaka, wiki ya siku yake, baba anachukua mkasi anapunguza ua, ule upande wa njia tu. Anasema anataka upepo. Nilikaa kwenye kiti chake siku moja hayupo. Ukipunguza pale anapopunguza, unaona njia mpaka kwenye kona ya miti myeupe. Siku ya bendera anakaa hapo tangu kunapokucha. Pazia anafunga, anaacha nafasi ya vidole viwili. Kengele yako ikilia anaweka kikombe chini. Halafu anasema, "Haya, lete keki sasa."

Kabla ya kengele hajawahi kuigusa keki. Mwaka huu haikulia. Bi Gudrun alikwenda kuifuata, akamkatia, ikakaa kwenye sahani. "Verner, ulikuwa unaililia keki, sasa vipi?" Akasema meno. Ikalala mezani mpaka kesho yake, nikaipeleka kwa nguruwe.

Juzi nilimwambia, "Baba, Bodil anataka umwite." Jina lako, humo jikoni, sijui lilisikika lini mara ya mwisho. Yeye alikuwa anakata mkate mweusi. Akakata slesi moja, akakata nyingine. Akasema, "Njia iko wazi. Si aliichora mwenyewe."

Sijui kama huo ni wito. Kwa baba nadhani ni wito.

Unaniuliza kwa nini sikusema. Ulikuwa unakuja kuangalia bendera ya baba, nikadhani mimi simo. Mimi pia naishi humu, dada. Nilikuwa nasimama kando ya banda, juani, wala si mafichoni. Ungegeuza kichwa ungeniona.

Si lawama, naandika tu jinsi ilivyo. Kiangazi wanapita watu wengi hapa, wote wanasalimia, hakuna anayengoja jibu. Nimezoea. Majira ya baridi hapiti mtu, hapo ndipo najikuta nasema habari za asubuhi kwa ndoo.

Viazi vipya viko tayari. Njoo kabla havijaisha.

Asger


Randers, 4 Agosti

Asger mdogo wangu,

Pale uliposema juani, wala si mafichoni, nimesoma mara nyingi. Sina la kujitetea. Nilikuwa naangalia juu tu, kwenye mlingoti. Kumbe chini kuna mtu.

Njoo kwangu Randers, ukae hata wiki. Najua utasema nguruwe.

Lakini huyo mzee wako, ile "si aliichora mwenyewe", wewe unaita wito? Hiyo ni kejeli. Nimekua mezani kwake, kejeli yake naijua hata akiwa amegeuka ukutani. Ukumbini siku ile alianza vivyo hivyo, polepole, watu wakacheka, kisha akasema neno lake. Mistroberi ya mama pale bustanini ilikuwa kwenye ardhi ya reli tangu mwanzo, Asger. Haikuwa yetu hata shina moja. Mama mwenyewe alilijua hilo, alikuwa akisema anapanda kwa mkopo. Baba hakutaka kusikia.

Haya, nikwambie nilichoamua. Nitapita tena kabla ya baridi, Jumapili moja Septemba. Safari hii nitagonga kengele mara mbili, moja yake na moja yako. Ukiwa kando ya banda nitageuza kichwa, naahidi. Na yeye akisimama mlangoni, nitashuka. Asimame tu. Hata asiposema kitu, hata akiangalia mawingu. Nikimwona mlangoni nashuka.

Mwambie au usimwambie, utaona mwenyewe.

Unasema hana nguvu ya kushika mlingoti. Anaumwa?

Dada yako,
Bodil


Lyngdal, 23 Agosti

Dada,

Nimechelewa kujibu, ni mavuno. Holger kaniweka kwenye trekta mpaka masikio yanalia.

Nilimwambia habari ya mlango. Akasema, "Mlangoni kuna upepo." Nikajua yamekwisha. Kesho yake narudi kazini nakuta kiti chake hakipo jikoni. Kiko koridoni, pale tunapovulia viatu, kimeelekezwa mlangoni. Sasa kila Jumapili anakaa hapo, mlango umefunguliwa kidogo. Hata mkate anakulia hapo. Bi Gudrun alipita akamuuliza, "Verner, unangoja basi?"

"Nangoja barua."

"Jumapili?"

Akamwambia afunge mdomo, nzi wataingia.

Umeuliza kama anaumwa. Anakula kidogo. Ni joto la mwaka huu.

Usichague Jumapili ya mbali.

Asger


Randers, 13 Septemba

Asger wangu,

Hongera kwa siku yako ya kuzaliwa. Miaka ishirini na minne, na mimi nakukumbuka ulivyokuwa unalala kwenye droo kwa sababu kitanda cha mtoto kilikuwa hakijapakwa rangi. Nimechagua Jumapili ya leo kwa ajili yako. Ulisema isiwe ya mbali, nikaona hii ndiyo yenyewe.

Basi nimepita. Njia ilikuwa tupu, wageni wamekwisha, ni mimi na majani makavu. Namaliza kona ya miti myeupe, naangalia mbele, bendera nusu. Moyo ukanipasuka. Halafu nikajiambia, Bodil, usiwe mjinga mara mbili kwa kamba moja. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Yaani siku ya mtoto na yenyewe imekwama. Mwambie mzee avunje kibubu chake anunue kamba, atawaua majirani kwa huzuni.

Hukuwa kando ya banda. Nilijua uko nyuma unatafuta mafuta na ngazi. Mlango ulikuwa wazi kabisa na kiti nilikiona, kitupu. Dirisha la chumbani kwake nalo lilikuwa wazi, nikasema vizuri, walau anapata hewa. Nikagonga kengele yake. Nikagonga na yako. Nikangoja na mguu mmoja chini, nikahesabu pumzi zangu kama mtoto anayecheza kujificha. Hakusimama mtu mlangoni.

Zamani ningekasirika. Leo sikukasirika, na sijui kwa nini. Labda ni kile kiti. Mtu hahamishi kiti bure. Nimepiga pedali mpaka mwisho wa njia nikiwa nimeamua: mwakani siku yake nashuka, asimame asisimame. Keki nitaleta mimi. Na wewe andaa ngazi mapema.

Mwambie hivyo. Mwambie Bodil amesema mwakani.

Dada yako anayekupenda,
Bodil


Lyngdal, 15 Septemba

Dada Bodil,

Kamba haikukwama.

Baba amefariki Jumapili alfajiri. Nimepiga simu kwako jana na juzi. Kile chombo chako kikasema acha ujumbe, nikasikia pumzi yangu humo ndani, nikakata. Leo ndiyo barua yako imefika.

Ni tumbo. Daktari alimwambia tangu masika na baba akaniapisha nisiseme kwa mtu. Nikasema ni joto.

Na kitu kingine sikukuandikia. Ile barua yako ya kwanza, mtu wa posta alimpa baba mkononi. Akaujua mwandiko wako. Akaniambia nimsomee, yeye hana miwani. Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati, naiona. Unajua ninavyosoma, neno kwa neno, kama mtu anavuka mto kwa mawe. Sikuweza kuruka kitu. Kila neno lako lilikaa hapo mezani tukaliangalia kabla ya jingine kuja. Nilipofika pale kwenye "sasa nani ataniuliza", akasema, "Rudia." Nikarudia.

Siku chache baadaye, wewe ukiwa umeshapata barua yangu, akatoa baiskeli ya mama bandani, akajaza upepo, akaondoka. Kwa njia, dada. Njia yako. Tangu ifunguliwe hakuwahi kuikanyaga, alikuwa akitaka kwenda Hovsted anazungukia barabara kuu. Nilimwona anavyoyumba mpaka kwenye kona. Nilikuwa nimwendee lakini nikaona hapana. Alirudi jua limepungua, anasukuma zaidi ya kupanda, na kwenye kikapu ana kamba mpya na kigurudumu kipya cha shaba. Midomo yake ilikuwa myekundu. Nikadhani damu.

Akasema, "Mistroberi ya mama yako iko kule kwenye mteremko, upande wa jua. Imetoroka. Imefuata njia mpaka darajani."

Alikuwa amekula njia nzima. Akakaa, akaniangalia ninavyofunga ile kamba. Akasema, "Mtu asilie tena bure." Halafu akasema nisikuandikie habari ya kamba, utadhani anakuita.

Sikukuandikia. Ningeandika, Jumapili ungejua. Nalifikiria sana hilo nikiwa kwa nguruwe.

Jumapili yenyewe aliniambia nimpeleke kitini. Nikajaribu kumwinua, akaumia, nikamrudisha. Akasema basi fungua mlango, uwe wazi, uonekane kutoka njiani. Nikafungua. Niliporudi chumbani alikuwa anaangalia upande ule. Hakuchukua muda. Nikafungua na dirisha roho ipate kutoka, kama tulivyofungua kwa mama. Kulipopambazuka nikapandisha bendera mpaka juu, nikaishusha nusu. Ilishuka kama kisu kwenye siagi. Bi Gudrun alikuwa anapita na baiskeli yake, akacheka akaniambia, "Asger, tena?" Nikatikisa kichwa. Akashuka.

Ulipokuja tulikuwa tunamvalisha. Nimeshika mkono wake, umeingia nusu kwenye shati. Nikasikia kengele, kijiko kwenye kikombe. Halafu ya pili, yangu. Bi Gudrun akasema, "Nenda, mwite." Mkono sikuweza kuuachia hivi hivi, nikauweka taratibu, nikatoka. Ulikuwa unapita kwa Holger. Nikaita. Niliita kweli, dada, Bodil, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kulikuwa na mtu mwingine wa baiskeli nyuma yako mbali, mwanamume. Akageuka yeye, akanipungia mkono.

Mazishi ni Jumamosi saa saba mchana. Usikae nyuma. Safu ya mbele niko mimi peke yangu. Vile viatu bado unavyo.

Tukitoka kaburini bendera inatakiwa ipande mpaka juu. Mimi sitaivuta. Jua likizama lazima ishuke, na Septemba jua halimngoji mtu, lakini mpaka hapo itakuwa pale nusu inakungoja. Haihitaji nguvu. Inapanda kwa vidole viwili.

Kiti sijakitoa mlangoni. Nimekikalia jana. Hakuna upepo wowote pale.

Kama utakuja kwa treni, nitakuja Hovsted kukupokea. Kama utakuja kwa njia yako, nitakuwa kando ya banda. Ukifika kwenye geti usigonge kengele.

Shuka.

Mdogo wako,
Asger